Wakuu, matamshi ya Kiingereza yanaharibiwa na macho, ulimi tunausingizia tu (kisa cha ghala la korosho, Mtwara)

#1 Kuchele (mleta uzi)

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kigoda.

Mimi ni karani wa ghala hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukianza nasimama kwenye mizani toka asubuhi mpaka giza: gunia linapanda, nasoma kilo, gunia linashuka. Misimu kadhaa nyuma akaja mgeni kutoka India, mtu wa mnunuzi, kukagua mzigo. Bosi kasafiri, anayejua Kiingereza pale ni mimi, cheti cha kidato cha nne ninacho na Kiingereza nina C. Tukaanza vizuri kabisa. Kauliza unyevu, nimejibu. Kauliza magunia yametoka wapi, nimemwambia haya Tandahimba, yale Newala.

Tukafika kwenye mizani ya kidijitali. Tumeshapima magunia 43. Mgeni akanyoosha mkono, akasema neno moja. Nikasikia "reset". Nikamuuliza kwa adabu, "Reset?" Akatikisa kichwa kwa furaha, "Yes, yes", akalirudia. Basi mimi nani hata nibishane na mwenye hela? Nikabonyeza kitufe. Mizani ikasoma sifuri, jumla yote ya asubuhi ikayeyuka.

Alikuwa anataka "receipt".

Makuli walikaa chini wakacheka mpaka mmoja akavua fulana ajifutie machozi. Kisha wakanuna, maana magunia 43 yalirudi mizanini upya na jua lile la Novemba.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Neno "receipt" nalijua toka kidato cha pili. Naliandika bila kukosea herufi. Ila kichwani mwangu lilikuwa linaitwa "resepti". Kwa hiyo mtu alipolisema inavyotakiwa, risiit, mimi sikulitambua hata kidogo. Tunadhani hasara ya kukosea matamshi ni kuchekwa. Kuchekwa kunapita. Hasara yenyewe ni kuwa neno linakupita sikioni kama mgeni wakati umekaa nalo miaka ishirini.

Jioni nimefika nyumbani Chikongola, mama ananiuliza kuhusu umeme: "Risiti ya luku iko wapi?"

Risiti. Hakuna p. Mama yangu hajawahi kufungua kitabu cha Kiingereza, na yuko karibu na yule Mhindi kuliko mimi mwenye C. Usiku ule sikulala vizuri wakuu, nilikuwa naokota maneno ya wazee moja moja kama mtu yuko chini ya mkorosho.

Nikamkumbuka babu mzaa mama. Yeye alifanya kazi Nachingwea enzi za mradi wa karanga, ule wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951. Alikuwa boi wa ofisi, baadaye jikoni. Nikiwa kidato cha pili nimekwenda likizo, akaniambia nimletee sukari kwenye "kabad". Nikamsahihisha, si unajua tena mwanafunzi wa sekondari: "Babu, inaitwa kap-bodi, angalia, c-u-p." Akaniangalia, akasema, "Mzungu wangu hakuwa na hiyo kap-bodi." Akainuka akaenda kuchukua sukari mwenyewe.

Nimekuja kufungua kamusi nikiwa mtu mzima: "cupboard" ni KAbad (herufi kubwa ndipo mkazo ulipo). Babu alikuwa sahihi, mimi ndiye nilikuwa nasoma herufi.

Wazee walichukua Kiingereza kwa sikio. Sisi tulikichukua kwa macho, kisha tukakisoma kwa sheria za Kiswahili, ambako kila herufi iliyoandikwa inasemwa. Na hatulaumiki sana: shule ya msingi unasoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza unabadilishiwa lugha ukiwa na vitabu, na wa kukutamkia ni mwalimu ambaye naye alisoma vitabu. Chunguza haya maneno yaliyoingia kwa mdomo:

Chaki. "Chalk" ina l kwenye maandishi. Aliyesema chaki wa kwanza hakuisikia hiyo l kwa sababu haisemwi. Ukiishika chaki umepata "talk" na "walk" bure kabisa, ni "took" na "wook" kwa o ya Kiswahili iliyovutwa, bila l.

Saini. Iko wapi g ya "sign"? Haipo. Wala kwenye "design" na "foreign" hutaisikia. Inafufuka kwenye "signature".

Bomu. Wazee waliishia kwenye m, wakabandika u yao. B ya mwisho ya "bomb" ni pambo. Ndivyo ilivyo "comb", "climb", "thumb", "lamb", "tomb". Fundi bomba kwa Kiingereza ni "plama", japo ameandikwa "plumber".

Kabichi. Hili nalipenda kuliko yote. Mwisho wa "cabbage" unasikika "ij". Kwa hiyo "village" ni VIlij, "luggage" ni LAgij, "message" ni MEsij. Halafu linganisheni na neno letu meseji: limekuja juzi tu na simu, na limekuja kwa macho. Kabichi lilikuja zamani, kwa mdomo wa mtu aliyekuwa anauza au anapika.

Kanali. Tazameni "colonel" lilivyoandikwa, l mbili na o mbili, kisha litamkwe: "kaanl". Mwandiko wake ulitoka Kiitaliano, matamshi yakatoka Kifaransa cha zamani kilichokuwa na r mahali pa l ya kwanza. Askari wetu hawakujali hayo, walisikia wakasema kanali.

Mtauliza hizo herufi zimewekwa za nini. Nyingine zilikuwa zinasemwa kweli. K ya "knife" zamani ilitamkwa, ikaja kufa, mwandiko ukabaki. William Caxton alifungua kiwanda cha uchapaji Uingereza mwaka 1476, vitabu vikaanza kuganda tahajia wakati irabu za watu bado zinahama midomoni. Nyingine zilipachikwa na wasomi: "debt" ilikuwa inaandikwa bila b, wakaipachika ili ifanane na neno la Kilatini. Hakuna Mwingereza aliyekubali kuisema. Na s ya "island" ilipachikwa kimakosa kabisa. Kwa hiyo ukiisema ile b ya "debt", unasoma majivuno ya mtu aliyekufa zamani.

Nakuja na la mkazo hapo chini, ngoja ninywe maji.

#2 Bodaboda wa Ligula

Yaani umebonyeza RISETI?? 😂😂 Magunia 43! Sijamaliza kusoma ila nimecheka mpaka abiria kaniuliza kuna nini.

#3 Mama Muhogo

Naweka kambi hapa. Mimi na cheti changu bado nasema "wed-nes-dei".

#4 Kuchele

Dada yangu, "Wednesday" ni WENZdei, silabi mbili tu. Ile d ya kwanza na e yake wapotezee.

Haya, mkazo. Hapa ndipo tunapoachwa na gari hata tukijua herufi zote. Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili toka mwisho, hatuhangaiki. Lakini sote tunajua barabara ya kwenda Masasi na mtu aliyefanya kazi yake barabara. Herufi zilezile, mkazo umehama, neno limebadilika. Huo mmoja tunao kama kitoweo, Waingereza wanaula kama ugali. "Export" ukiitaja kama jina la biashara ni EKSpoot, ukiifanya kitendo ni ikSPOOT. Vivyo hivyo "record", "present", "import".

Sisi tunawabebesha mkazo wetu. "Calendar" tunasema kaLEnda, wao KAlinda. "Minister" tunasema miNIsta, wao MInista. "Character" tunasema kaRAkta, wao KArikta. Na tukibandika irabu mwishoni ndiyo balaa zaidi, maana mkazo unasogea nayo: "develop" ambayo ni diVElop inageuka "develoopu".

Kisha kuna ile irabu iliyolegea, ambayo Kiswahili hatuna. Kwetu kila silabi inapewa sahani yake. Kwa Mwingereza silabi moja inakula, nyingine zinalamba kidole. "Comfortable" sisi tunaigawa komfo-te-bo, haki sawa kwa wote. Wao ni KAMftabl, imekwisha. "Vegetable" ni VEJtabl. Hicho kijisauti cha kulegea ndicho irabu inayotumika kuliko zote kwenye Kiingereza, kiko mwanzoni mwa "about" na mwishoni mwa "teacher". Kufundisha kwa maandishi siwezi. Fungua mdomo nusu kama uliyechoka baada ya kupakua semitrela, utoe sauti bila kukusudia. Ndiyo hiyo.

#5 Mwalimu wa Masasi

Mleta uzi, shikamoo kama wewe ni mkubwa wangu, marahaba kama ni mdogo. Nimefundisha Kiingereza miaka 14 na nakiri hadharani kwamba sisi walimu ndio wasambazaji wakuu. Kuna mwaka mzima nilifundisha "women" kama "wumen". Ni "wimin". Mmoja ni WUman, wengi ni WImin. Nilisahihishwa na mwanafunzi aliyehamia kutoka Nairobi, mbele ya darasa. Nikamwambia akae chini. Nilikwenda kutafuta kamusi baada ya kipindi.

Niongeze la "ed". Watoto wangu wote wanasema "wokedi", "pleyedi", "askedi". Mwisho huo una sauti tatu. Kitenzi kikiishia na sauti isiyo na mtetemo kooni, kama k, p, s, f, inasikika t: "walked" ni wookt, "helped" ni helpt. Kikiishia na sauti yenye mtetemo au irabu, inasikika d: "played" ni pleid. Ile silabi kamili ya "id" inakuja tu kama kitenzi kimeishia t au d: "wanted", "needed". Nawaambia weka vidole kooni, useme zzzz halafu ssss, usikilize panapotetemeka. Darasa linageuka mzinga wa nyuki lakini wanaelewa.

Na "says" ni sez, "said" ni sed. Hilo sina sheria, kariri tu.

#6 Nesi Mtarajiwa

Kaka Kuchele, kwa nadharia yako ya wazee na sisi wa afya tunalo letu: nimonia. Kitabuni "pneumonia" inaanza na p, na wenzangu darasani wanaipuliza hiyo p mpaka unaonewa huruma. Bibi yangu kule kijijini anasema nimonia vizuri tu.

Ila naomba msaada wa "iron". Tunagawa vidonge vyake kliniki kila siku, mimi nasema "airon". Mkufunzi mmoja ananikunjia uso lakini haniambii sahihi ni ipi.

#7 Kuchele

Dada nesi, ni AIyan. Hiyo r inakaa mbele ya o kwenye maandishi lakini mdomoni Mwingereza haiwiki. Mmarekani anaisema, ila anaipeleka nyuma ya irabu, kabla ya n: AIyern. Sema "aiyan" kesho uone kama uso utakunjuka.

#8 Mjukuu wa Ustadhi

Natokea Lindi mjini. Nyote mmesahau madrasa.

Sikilizeni. Kila siku nasikia watu wanasema Mbantu hawezi "th", eti ndiyo maana tunasema "sank yu" na "dis is". Uongo. Ustadhi wangu alikuwa na fimbo ya mpera, ukichanganya thaa na sini unakula moja ya mgongo. Toa ulimi katikati ya meno, pumua. Hiyo thaa ndiyo "think", "three", "month". Halafu dhali, ulimi palepale ila koo litetemeke, ndiyo "this", "mother", "they". Nilipofika kidato cha kwanza mwalimu akaandika "th" ubaoni kama jambo gumu la dunia, sisi wa chuoni tukatazamana.

Na Kiswahili chenyewe kimezibeba: thelathini, thamani, dhahabu, dhambi, fedha. Shida ni kwamba huku kwetu mtu anasema "selasini" na "zahabu" tangu utotoni. Sasa kama "thelathini" imekushinda sokoni, "thirty" utaiweza wapi? Anza na Kiswahili chako.

#9 Bodaboda wa Ligula

Ustadhi umeniua. Kwa hiyo "feza" yangu ndiyo inanikosesha abiria wa kizungu?

#10 Mjukuu wa Ustadhi

Inakukosesha fedha ndugu yangu.

#11 Mtembeza Wageni

Mikindani hapa. Natembeza watalii toka nikiwa kijana, makosa yote mnayosema nimeyafanya mbele ya wateja. Niwape yangu matatu.

La kwanza ni aibu. Nilikuwa nawakaribisha wageni Msimbati kwa sauti kubwa, nawaambia tunakwenda kwenye "beach" nzuri kuliko zote. Wakawa wanacheka wakitazamana. Mama mmoja mtu mzima akanivuta pembeni akaniambia neno nililokuwa natamka ni tusi la mwanamke. Kumbe Waingereza wana i mbili. Moja ndefu, midomo inatanuka kama unatabasamu: "beach", "sheet", "leave", "sheep". Nyingine fupi, imelegea, inakaa njiani baina ya i na e yetu: "ship", "live", "sit". Sisi tuna i moja na tunaipiga fupi. Tangu siku ile nikifika kwenye "beach" na "sheet" natabasamu kwa makusudi. Wageni wanadhani nina furaha.

La pili ni jina la Livingstone. Tunaonesha wageni kwamba alianzia hapa Mikindani mwaka 1866 kwenye ile safari yake ya mwisho ya bara. Mimi nilikuwa nasema "Livingi-sitoni". Ni LIving'stan, silabi ya mwisho inamezwa. Na hiyo ng ni ng' ya ng'ombe.

La tatu, "island". Mwenzangu anayepeleka watu Kilwa Kisiwani alisema "is-landi" miaka mingi, na pale ni urithi wa dunia tangu 1981, wageni si haba. Ni AIland.

#12 Kuchele

Hapo kwenye ng' umenigusa. Waingereza wana ng' na ng kama sisi, ila wanaziandika sawa. "Singer" ni ng' ya ng'ombe, "finger" ni ng ya ngoma. Sisi tunazo zote mbili na bado tunasema "singga". Chukua "sing", imalizie pale unapoanzia kusema Ng'apa, usiongeze g.

#13 Hatari Tupu

Mnajitesa bure. Wahindi wana lafudhi yao, Wanigeria wana yao, biashara zinakwenda. Mbona Mzungu akija anasema "Mutwara", mwingine "Em-twara", na hakuna anayemfungulia uzi? Mpeleke Ng'apa au Likong'o uone anavyovunjika taya. Lafudhi ya Kiswahili ni yetu, mimi sibadilishi.

#14 Kuchele

Mkuu Hatari, lafudhi yako kaa nayo, hata mimi yangu siiuzi. Yule mgeni wangu naye alikuwa na lafudhi ya kwao, nzito kama mchuzi wa nazi. Lakini "receipt" yake ilikuwa "receipt", haikuwa neno lingine. R yako ikizunguka kidogo, i yako ikiwa ya pwani, mtu anakuelewa. Ila ukisema "resepti", au ukiagiza "rice" ikasikika "lice", yaani chawa, umeshatoka kwenye lafudhi.

Na anayesema "Mutwara" mimi namcheka. Akirudi mara ya pili namfundisha.

#15 Mama Muhogo

Kweli hilo la chawa. Lugha zetu nyingi za huku hazitenganishi l na r, ndiyo maana mtaani ni "kolosho" na hakuna anayejali. Nimefanya kazi kwenye mgahawa, menyu tumeandika vizuri, mhudumu anafika mezani anatangaza "flaid lais". Mteja kacheka, kala, kalipa. Lakini "play" na "pray", "glass" na "grass" zinachanganya mno. Kuna dawa?

#16 Mwalimu wa Masasi

Dawa ipo. L ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na inabaki pale. R ya Kiingereza ulimi haugusi popote, unaning'inia katikati ya mdomo umejikunja kidogo, na midomo inajikusanya kama anayetaka kupiga mluzi. Usiizungushe kama r ya "rafiki". Watoto wangu nawapa kioo. Ukitaka kusema "rice" na midomo haijajikusanya, umeshasema chawa.

#17 Mpinzani wa Kudumu

Nadharia ya mleta uzi tamu ila ina matundu. Juisi? "Juice" ni juus, hiyo i ya wazee imetoka wapi kama si kwenye maandishi? Biskuti je, wakati "biscuit" ni BIskit? Na luteni? Waingereza waliotutawala wanasema "leftenant", Wamarekani ndio "lutenant". Wazee wako walimsikia nani?

#18 Kuchele

Mpinzani umenishika. Juisi na biskuti zina harufu ya maandishi, nakubali. Luteni nimelitafakari tangu asubuhi na sina la kusema, nakupa goli moja.

Lakini nami nikuonyeshe tundu lenye faida. Huku gesi iligunduliwa Mnazi Bay 1982, neno kila mtu analo mdomoni. Kwa nini wazee hawakusema "gasi"? Kwa sababu irabu ya "gas" si a yetu wala e yetu, iko katikati, na sikio lao liliitupa upande wa e. Ndiyo hiyohiyo imezaa benki, keshi, meneja, teksi, kepu. Halafu irabu ya "bus", ambayo ni tofauti, waliisikia a: basi. Sisi wa vitabu tunaona "bad" na "bud" tunasema zote "bad". Mzee angekutofautishia. Kuipata hiyo ya "gas", anza kusema e, halafu shusha kidevu bila kusogeza ulimi.

Sasa utamu wake. "Nurse" na "shirt" kwa Kiingereza zina irabu moja ileile, ndefu. Wazee walisema nesi na shati! Moja e, moja a. Na "colonel" ina hiyohiyo, wakasema kanali. Maana yake sikio lilikosa kabati la kuiweka, likawa linaitupa popote. Hiyo ndiyo irabu ya kufanyia mazoezi kwelikweli: "work", "bird", "girl", "first". Vitabu vya matamshi vinahesabu irabu kama 20 kwenye Kiingereza cha Uingereza, sisi tuna 5. Hizo 15 haziwezi kuja zenyewe.

Na kabla hujaniambia, najua kabichi inanipinga kwenye irabu. Mwisho wake unanitetea.

#19 Mpinzani wa Kudumu

Nilikuwa ndiyo naandika hilo la kabichi. Haya, sare.

#20 Nesi Mtarajiwa

Sasa kwa mtu asiye na babu wa Nachingwea afanyeje? Niko bweni, simu ninayo, bando la mawazo.

#21 Kuchele

Dada, nakueleza ninavyofanya mimi, si lazima iwe ndiyo njia.

Neno jipya silisomi kwanza. Kamusi za Oxford na Cambridge ziko mtandaoni bure, kila neno lina kialama cha spika, cha Uingereza na cha Marekani. Nabonyeza nikiwa nimefumba macho, mara tatu, nasema kwa Kiswahili nilivyosikia, kama mzee anayelikopa leo. "Queue" nilisikia "kyuu". Nikaliandika "kyuu" kwenye daftari. Ndipo nafungua macho kuona wameliandikaje, na mara nyingi nacheka.

Kisha najirekodi kwa simu na kusikiliza. Siku za mwanzo utaichukia sauti yako, vumilia. Sikiliza mwisho wa neno kama umebandika irabu. Ugonjwa wetu mkubwa ni huo mkia: "bukku", "gudi", "helipu". Maneno ya wazee nayo yana mkia, kwa hiyo ukiyatumia ukate. Risiti toa i, vuta iliyobaki, risiit. Polisi toa i, poLIIS. Mashine toa e, maSHIIN. Hayo matatu hata mkazo unakaa pale pale wa Kiswahili. Hospitali usijaribu, wao ni HOSpitl.

Ile alama ndogo kama mkwaju wima unayoiona kwenye kamusi, 'hivi, inakaa kabla ya silabi yenye mkazo. Nilikaa miaka nikidhani ni uchafu wa karatasi. Na nukta mbili zilizobanana baada ya irabu maana yake ivute. Kwa hizo alama mbili tu unakwenda mbali.

Chagua Uingereza au Marekani ukae upande mmoja. "Schedule" Waingereza wengi ni SHEdyuul, Mmarekani ni SKEjul. "Often" ukitamka t ukiacha, zote zipo. Usibishane na mtu kwa hayo.

#22 Bodaboda wa Ligula

Mkuu swali la mwisho, maana ndiyo maisha yetu huku. "Cashew" yenyewe inatamkwaje? Nisije nikampeleka mgeni kwenye mashamba nikamtukana tena.

#23 Kuchele

KAshuu. Wengine wanapeleka mkazo nyuma, kaSHUU, zote zinakubalika. Hiyo "ew" isikutishe.

#24 Mtembeza Wageni

Mleta uzi, hukutwambia yule Mhindi aliishia wapi.

#25 Kuchele

Alisubiri tukapima upya yote 43, akanywa madafu mawili, nikamwandikia stakabadhi yake. Alipoipokea akaniinulia juu akasema polepole kama anayemfundisha mtoto: "Ri-siit." Nikamjibu, "Risiit." Makuli wote nyuma wakaitikia kwa pamoja, "Risiit!"

Mpaka leo wananiita Riseti. Msimu huu kaja kijana mpya wa kuandika posho, akadhani ndilo jina langu la ukoo. Nimekuta kwenye daftari: Bw. Riseti, siku sita.